Mercedes-Benz SLK ya mtumba: mambo ya kukagua kabla hujatoa pesa

Gari dogo la viti viwili, paa linajikunja lenyewe na kuzama ndani ya buti, nembo ya Mercedes-Benz mbele, na bei inayokaribiana na ya gari la kawaida la familia lililotumika. Picha za aina hii huzunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, hasa msimu wa mauzo ya mazao, wakati watu wana pesa mkononi. Wasikilizaji hutuuliza: je, hii ni bahati au ni mtego?

Jibu fupi ni hili. Bei ya kununua SLK imeshuka kwa sababu gari limezeeka, lakini bei ya kulitunza haijashuka. Spea zake, mafuta yake na fundi wake bado ni vya gari la kifahari. Kwa hiyo swali la kwanza si "linauzwa shilingi ngapi?" Swali ni "nini kimeharibika, na kukitengeneza ni shilingi ngapi?" Makala hii inakusaidia kulijibu, iwe unanunua mwenyewe au unamshauri ndugu yako aliye mjini.

SLK ni gari gani?

SLK ilitambulishwa mwaka 1996 na kutengenezwa katika kiwanda cha Mercedes-Benz mjini Bremen, Ujerumani. Herufi zake zinatokana na maneno matatu ya Kijerumani yenye maana ya la kimichezo, jepesi na fupi. Jambo lililoipa sifa ni paa. Magari mengi ya kufunguka ya wakati ule yalikuwa na paa la turubai. SLK ilikuja na paa la chuma linalojikunja kwa umeme na mafuta ya presha kwa muda wa sekunde 25 hivi. Likifungwa, gari linakuwa kama gari lolote la bodi ngumu.

Kuna matoleo matatu, na ukitaka kuuliza spea lazima ujue lako ni lipi:

R170: lilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2004. Injini za kawaida ni za silinda 4, na baada ya maboresho ya mwaka 2000 likaongezwa SLK 320 lenye silinda 6.

R171: kuanzia 2004 hadi 2011. Lina pua ndefu iliyochongoka mbele. Humo kuna SLK 200 Kompressor, SLK 280, SLK 350 na SLK 55 AMG.

R172: kuanzia 2011. Mwaka 2016 jina lilibadilishwa likawa SLC, na utengenezaji ukakoma mwaka 2020.

Yanayouzwa kwa bei ya kuvutia ni hasa R170 na R171, na ndiyo tunayoyazungumzia hapa. Namba ya chasisi itakuambia ukweli. Kwa magari yaliyouzwa Ulaya na Japani, namba huanza na WDB, kisha hufuata 170 au 171. Muuzaji akisema ni la 2008 na chasisi inasema 170, hapo kuna uongo.

Kwa nini Japani wanayauza kwa bei ndogo?

Mengi ya magari haya hufika kwetu kutoka Japani. Huko gari dogo la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima wa serikali miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama zake, na mwenye gari hulipa pia kodi ya kila mwaka kwa kadiri ya ukubwa wa injini. Gari likizeeka na matengenezo yakianza kukaribia, wengi huona ni heri kuliuza mnadani.

Maana yake ni kwamba mara nyingi gari linauzwa pale pale linapoanza kudai pesa. Haimaanishi ni bovu. Inamaanisha bili ambayo mwenye gari wa kwanza ameikwepa inaweza kukusubiri wewe.

Kodi na sheria

Kabla ya kupenda rangi, angalia umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto. Kwa hiyo msikilizaji wa Kenya hawezi tena kuagiza R170 wala R171. Atanunua lililokwisha kuwa nchini.

Tanzania haijafunga mlango kwa umri, lakini gari dogo lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, na likizidi miaka 10 ushuru huo huwa mkubwa zaidi. SLK zote za R170 na R171 zimeshavuka mpaka huo. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika: unaweka aina, mwaka na ukubwa wa injini, nacho kinakupa makadirio ya kodi. Kitumie kabla ya kutuma hata senti. Wapo wanaolipia gari Japani kisha wakakuta kodi bandarini ni kubwa kuliko bei ya gari lenyewe.

Jambo jingine ni usukani. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, lakini baadhi ya magari ya Ulaya yaliuzwa huko yakiwa na usukani wa kushoto kwa sababu wateja waliona ndiyo fahari. Kwenye barabara zetu za njia mbili, dereva wa gari dogo na la chini lenye usukani wa kushoto haoni vizuri mbele ya lori anapotaka kulipita. Huo ni uhai wako, usiuchukulie kama suala la mazoea.

Karatasi ya mnada

Gari lililopitia mnada wa Japani huwa na karatasi ya ukaguzi. Mwombe muuzaji akutumie picha yake. Huhitaji kujua Kijapani kusoma mambo makuu.

Juu kuna daraja. 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la wastani. Ukiona R au RA, gari lilipata ajali na kutengenezwa. Kuna pia mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, X ni sehemu inayotakiwa kubadilishwa, na XX ni iliyokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo, 1 ikiwa ndogo.

Kwa gari la kufunguka, W au XX kwenye mabawa ya nyuma na buti ni onyo kubwa. Paa la SLK hukaa kwa vipimo vya milimita. Likigongwa nyuma, hata bodi ikinyooshwa likang'aa, paa linaweza kukataa kukaa sawa maisha yake yote.

Paa: anza hapo

Watu wengi wakifika kukagua gari hufungua boneti kwanza. Kwa SLK anza na paa, kwa sababu ndilo linaloweza kula pesa nyingi na ndilo muuzaji hulifanyia haraka ili usiangalie.

Paa husukumwa na pampu ya haidroliki, yaani pampu ya umeme inayosukuma mafuta kwenye mabomba madogo hadi kwenye silinda za kunyanyua. Kuna vihisio vinavyoipa kompyuta taarifa kila hatua imefika wapi. Kihisio kimoja kikifa, paa linasimama njiani.

Fanya hivi:

1. Gari lisimame mahali tambarare, injini ikiwa imewashwa ili betri isichoke.

2. Fungua buti uone pazia la kutenganisha mzigo na sehemu ya kukaa paa. Pazia lisipovutwa na kushikizwa mahali pake, paa halitafunguka. Muuzaji akisema paa halifanyi kazi kwa sababu ya betri tu au pazia tu, mwambie alirekebishe hapo hapo ukiona.

3. Fungua paa na ulifunge mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza linaweza kubahatisha. Liende kwa mwendo mmoja, bila kusita, bila kukwangua, na vioo vya milango vishuke na kupanda vyenyewe.

4. Hesabu sekunde. R170 ni kama 25, R171 ni kama 22. Likichukua muda mrefu zaidi, mafuta yamepungua au pampu imechoka.

5. Pitisha mkono kwenye kitambaa cha dari karibu na kioo cha mbele, na ndani ya buti kandokando. Ukikuta mafuta, sili za silinda zinavuja.

6. Likiwa limefungwa, limwagie maji kwa ndoo kadhaa au mpira juu ya milango na juu ya buti. Kisha inua kapeti ya buti na kapeti za miguuni. Maji, harufu ya uvundo au kutu kwenye reli za viti vinaonyesha raba zimekauka au njia za kutolea maji zimeziba.

Jambo la sita ni zito kuliko linavyoonekana. Njia za maji huzibwa na majani na vumbi, maji yakakosa pa kutokea, yakaingia kwenye waya na pampu. Hilo halipo kwa SLK peke yake. BMW Z4 ya kwanza, yenye paa la turubai, inajulikana kwa pampu ya paa kuzama majini kwa sababu hiyo hiyo. Kwa gari litakaloegeshwa chini ya mwembe na kupita barabara za vumbi, kazi ya kuzibua njia hizo ni ya kila mara.

Ukikuta paa bovu, usikubali kauli ya "kitu kidogo tu". Kama ni kidogo, muuzaji angekitengeneza kabla ya kuuza, kwa kuwa paa ndilo linaloliuza gari.

Injini: kila moja na ugonjwa wake

Fika bila kumpa muuzaji nafasi ya kuipasha moto injini. Gusa boneti, ikiwa ya moto, subiri ipoe. Kasoro nyingi husikika sekunde chache za kwanza.

SLK 230 Kompressor (R170) ina lita 2.3 na nguvu ya farasi 193. Neno Kompressor lina maana ya pampu inayozungushwa na mkanda kuisukumia injini hewa ya ziada. Sikiliza mlio wa kusaga unaopanda na mwendo wa injini. Angalia pia mafuta yanayovuja pale kichwa cha silinda kinapokutana na bloku.

SLK 320 (R170) ina silinda 6 na nguvu ya farasi 218. Ni injini inayosifika kwa kudumu. Tazama puli kubwa ya chini ya mkanda injini ikiwa inaunguruma. Ikiyumba, raba iliyo ndani yake imeachia, na ibadilishwe kabla haijajeruhi injini.

SLK 200 Kompressor (R171) ina lita 1.8, farasi 163, na 184 kwa yale ya kuanzia 2008. Ikiwashwa baridi na kupiga kelele ya mnyororo kwa sekunde kadhaa, cheni ya taimingi imelegea. Cheni ikiruka, vali na pistoni hugongana na injini imekwisha. Chomoa pia soketi ya kihisio kilicho mbele ya kichwa cha silinda uone kama kuna mafuta. Mafuta hayo husafiri ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya injini.

SLK 280 na SLK 350 (R171) ni nzuri sana kuendesha, lakini yale ya mwanzo, hasa ya 2004 hadi 2006, yana tatizo linalojulikana dunia nzima. Ndani ya injini kuna gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko ambayo chuma chake kililika mapema. Kuibadilisha ni lazima injini ishuke. Taa ya injini ikiwaka na kompyuta ikionyesha namba 1200 au 1208, huenda ndiyo hiyo. Wakala wa Mercedes-Benz anaweza kutumia namba ya injini kukuambia kama yako imo kwenye kundi hilo. Bila jibu hilo, usinunue.

Kwa injini zote, fungua kifuniko cha maji injini ikiwa baridi. Maji yawe na rangi ya kizuia kutu. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, mwenye gari aliacha kulitunza siku nyingi.

Giaboksi isiyo na kijiti

Fundi wa kijijini akitafuta kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi otomatiki kwenye R170 hatakipata. Kuna mrija wenye kifuniko, na kijiti hutunzwa gereji. Zamani wamiliki waliambiwa mafuta ya giaboksi hiyo hayabadilishwi kamwe. Baadaye ikaonekana yanatakiwa kubadilishwa. Kwa hiyo uliza yalibadilishwa lini, na upewe risiti.

Giaboksi ya gia 5 ina ugonjwa mdogo unaoleta hasara kubwa. Soketi yake ya umeme huvuja, mafuta yakapanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya giaboksi. Soketi yenyewe ni ya bei nafuu, lakini kompyuta si ya bei nafuu. Giaboksi ya gia 7, iliyo kwenye R171 za silinda 6 na 8, hufa vihisio vya mwendo vilivyo ndani yake.

Endesha angalau nusu saa, mjini na barabara kuu. Gia zibadilike bila kushtuka. Gari likigoma kutoka gia moja, likazimwa na kuwashwa likapona, hiyo si ajali ya siku moja. Kompyuta imejifunga kujilinda.

Siku hiyo hiyo mwite fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta za Mercedes. Asome mifumo yote, si injini peke yake: paa, giaboksi, breki na mifuko ya hewa. Ukiona makosa yote yamefutwa asubuhi ile, endesha kilomita chache usome tena.

Je, linafaa barabara zetu?

Hapa tuseme kweli. SLK imekaa chini. Matuta ya kijijini, madaraja ya mbao na barabara zenye makorongo ya mvua yatakwaruza bampa, bomba la moshi na sehemu ya chini ya injini. Kagua chini kwenye kreni au shimo la gereji: sampu iliyopigwa, bushi zilizochanika, shokapu zinazovuja.

Tairi za nyuma za SLK nyingi ni pana kuliko za mbele. R170 nyingi hutumia 205/55 R16 mbele na 225/50 R16 nyuma. Huwezi kuzihamisha mbele na nyuma ili ziishe sawa, na ukubwa huo haupo kila duka. R171 nyingi hazikuja na tairi la akiba la kawaida, ila chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Tairi likipasuka usiku kilomita 60 kutoka mjini, chupa haikusaidii.

Viti ni viwili tu. Paa likifunguliwa, buti ya R170 hushuka kutoka lita 348 hadi 145, yaani begi moja na kikapu. Gunia halikai. Mtoto mchanga hakai kwa kiti kinachotazama nyuma kama mfuko wa hewa wa mbele unafanya kazi, kwa sababu ukifumuka unaweza kumuua.

Kwa hiyo SLK haliwezi kuwa gari pekee la nyumba ya mkulima. Ni la mtu mwenye usafiri mwingine wa kazi, anayekaa karibu na lami na fundi.

Makaratasi na pesa

Mali bila daftari huisha bila habari. Gari lenye kitabu cha matengenezo na risiti lina thamani kuliko linalong'aa bila historia.

Ukinunua nchini, ona kadi ya gari halisi, si nakala. Kadi iliyoko benki au kwa mkopeshaji ina maana gari ni dhamana ya deni. Linganisha jina la kadi na kitambulisho cha muuzaji, na namba ya chasisi na iliyogongwa kwenye bodi. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Hamisha umiliki TRA wakati muuzaji bado yupo.

Ukiagiza nje, pesa iende kwenye akaunti ya benki ya kampuni inayouza, yenye jina la kampuni. Anayetaka utume kwa namba ya simu ya mtu ili "kushikilia gari", mwache. Na wewe uliye kijijini, usitume hata malipo ya awali kabla mtu unayemwamini hajaligusa gari na kuona paa likifunguka.

Lini useme hapana

Acha gari, hata bei ishuke namna gani, ukikuta mojawapo ya haya: paa linasimama njiani, karatasi ya mnada ina R na pigo ni la nyuma, kapeti zina uvundo na mikanda ina matope ukiivuta hadi mwisho, cheni inapiga kelele, muuzaji anakataa kompyuta isomwe.

Ukikuta makosa madogo, pata makadirio ya fundi kwa maandishi, uyatoe kwenye bei. Kisha weka pembeni fungu la matengenezo ya mwaka wa kwanza kabla hujanunua. Kama ukishalipa gari, kodi na usajili hubaki na kitu, basi gari hilo bado si lako. Likiharibika mara ya kwanza litalala uani chini ya turubai, kuku wakitagia ndani yake, na pesa ya msimu mzima itakuwa imelala humo.